Kupimwa na kutibiwa apnea ya usingizi kwa tiba mtandao, hatua kwa hatua

Mwenye apnea ya usingizi mara nyingi ndiye wa mwisho kujua kwamba ni mgonjwa. Anayejua ni yule anayelala naye. Anasikia mkoromo ukipanda, halafu kimya cha ghafla; kifua kinahangaika na hewa haiingii, kisha mgonjwa anashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyeibuka kutoka majini, anageuka upande wa pili, na mkoromo unaanza upya. Asubuhi mgonjwa mwenyewe anasema kalala vizuri. Ila kinywa kimekauka, kichwa kinamuuma, usiku ameamka kukojoa zaidi ya mara moja, na mchana akikaa tu anasinzia.

Kinachotokea ni hiki: mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine njia ya hewa hubana au kuziba kabisa, oksijeni katika damu hushuka, na ubongo humshtua mwenye mwili kidogo tu, kiasi cha kufungua koo bila yeye kukumbuka chochote. Mkatiko wa pumzi unaodumu sekunde 10 au zaidi huhesabiwa. Mwenye hali kali hupata mikatiko 30 au zaidi kila saa, usiku kucha, mwaka baada ya mwaka. Hali hii huandamana na presha isiyosikia dawa, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kisukari, na ajali za madereva waliosinzia kwenye usukani. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Respiratory Medicine yalionyesha kwamba watu wapatao milioni 936 duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, wana apnea ya usingizi, na kati yao milioni 425 wana kiwango cha kati au kikali. Wengi wao hawajawahi kupimwa.

Ugonjwa huu unafaa sana kwa tiba mtandao, yaani kuonwa na daktari kwa simu ya video. Daktari anahitaji kukusikiliza kuliko kukupapasa, kipimo kinaweza kufanyika kitandani kwako, na mashine nyingi za siku hizi hutuma takwimu zake zenyewe. Lakini niseme mapema ninachokiamini, maana mwongozo huu wote umesimama juu yake: kupata jibu la kipimo ndiyo sehemu rahisi. Watu wengi hukwama baada ya mashine kufika nyumbani. Kwa hiyo kila hatua ifanye ukiangalia mbele, ukijiuliza ni nani atakayepokea simu yako katika wiki ile ya kwanza.

Hatua ya 1: Hakikisha njia hii ni yako

Kupimwa nyumbani kumekusudiwa mtu mzima mwenye dalili za wazi za koo kuziba usingizini na asiye na maradhi mengine mazito yanayovuruga pumzi. Kama moyo wako umeshindwa kufanya kazi sawasawa, una ugonjwa mkubwa wa mapafu, ugonjwa wa kudhoofika misuli, umewahi kupata kiharusi, au unatumia kwa muda mrefu dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, mwambie daktari tangu mwanzo. Kwako kipimo kinachofaa ni kile cha kulala maabara ya usingizi, ambako ubongo, moyo, misuli na pumzi vinarekodiwa kwa pamoja mbele ya mtaalamu. Sababu ni kwamba pumzi yako inaweza kukatika kwa sababu ubongo umeacha kuagiza kupumua, si kwa sababu koo limeziba, na vifaa vidogo vya nyumbani havitenganishi mambo hayo vizuri. Vivyo hivyo kwa mtu anayekesha karibu usiku mzima, au anayerusha mikono na mateke akiwa ndotoni.

Mahojiano ya kwanza kwa video bado yanaweza kukusaidia hata ukiwa katika kundi hilo, kwa kuwa daktari atakuandikia rufaa ya maabara.

Mtoto usimpimie kwa njia hii. Kwa watoto chanzo mara nyingi ni tonsesi kubwa na nyama za nyuma ya pua, na anahitaji daktari wa kumwangalia ana kwa ana.

Na kama unasinzia ukiendesha gari, acha kuendesha leo, kabla hata ya kuweka miadi. Maumivu ya kifua, kuhema ukiwa umekaa tu, au uso kupinda upande mmoja si mambo ya kusubiri simu ya video; nenda hospitali.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi kabla ya miadi

Mahojiano ya video huwa mafupi, na atakachofanya daktari kinategemea utakachokileta. Jipe wiki moja ya maandalizi.

Anza na rekodi. Mwombe unayelala naye akurekodi kwa simu, video ya dakika mbili tatu, ikiwezekana ukiwa umelala chali karibu na alfajiri, kwa sababu mikatiko mingi huwa mibaya zaidi katika usingizi wa ndoto, na usingizi huo ni mwingi sehemu ya mwisho ya usiku. Muhimu kifua kionekane na sauti isikike. Unayelala peke yako, acha simu ikirekodi sauti karibu na mto. Rekodi haithibitishi ugonjwa, lakini humpa daktari kitu ambacho maelezo yako hayawezi kumpa.

Kisha jaza dodoso mbili, ambazo karibu kila huduma ya usingizi huzitumia. Ya kwanza ni STOP-Bang, iliyochapishwa mwaka 2008 na Frances Chung na wenzake wa Toronto, mwanzoni kwa ajili ya wagonjwa wanaosubiri upasuaji. Ina maswali manane ya ndiyo au hapana: Je, unakoroma kwa sauti kubwa? Unachoka au kusinzia mchana? Kuna aliyekuona pumzi zikikatika? Una presha au unatumia dawa zake? Uzito wako kwa kilo ukigawanywa kwa kimo chako cha mita kilichozidishwa chenyewe unazidi 35? Umri unazidi miaka 50? Shingo yako inazidi sentimita 40? Wewe ni mwanamume? Ndiyo tatu au nne zinatosha kushuku. Tano na kuendelea zinaashiria hatari kubwa. Shingo ipime kwa futi ya fundi cherehani, ukiwa umesimama, na usiibane.

Ya pili ni kipimo cha Epworth, alichokitunga Murray Johns huko Melbourne mwaka 1991. Unajipa alama 0 hadi 3 za uwezekano wa kusinzia katika hali nane za kawaida: ukisoma, ukitazama televisheni, ukiwa abiria kwa saa nzima, ukiwa umekaa kimya baada ya chakula cha mchana, na kadhalika. Jumla ikizidi 10, usingizi wako wa mchana umepita kiasi. Jaza kwa ukweli. Waliochoka kwa miaka mingi husahau kuwa kuna watu wanaoweza kutazama filamu hadi mwisho.

Wanawake wasome aya hii mara mbili. Dodoso hizi zinawapendelea wanaume wanene wanaokoroma, na mwanamke mwenye apnea mara nyingi huja na malalamiko mengine kabisa: usingizi wa kukatikakatika, uchovu usioisha, maumivu ya kichwa asubuhi, huzuni, au dalili zilizoanza baada ya hedhi kukoma. Wengi wamerudishwa nyumbani na dawa za usingizi au za msongo wa mawazo. Alama zako zikiwa ndogo lakini dalili zipo, omba kipimo na usione haya kusisitiza.

Malizia kwa orodha ya dawa zako zote, vipimo vya presha vya siku kadhaa, uzito na kimo, na saa unazolala na kuamka. Andika pia pombe unayokunywa jioni na dawa za kuleta usingizi, kwani vyote viwili hulegeza koo zaidi.

Hatua ya 3: Chagua huduma kwa kuuliza maswali ya mwishoni

Kwanza hakikisha daktari amesajiliwa kutibu mahali unapoishi wewe. Baraza la madaktari la nchi huwa na daftari la majina, na nyingi zimeliweka mtandaoni. Awe na ujuzi wa magonjwa ya usingizi, au awe daktari wa mapafu, wa masikio, pua na koo, au wa mishipa ya fahamu aliyejikita katika kazi hiyo. Mtaalamu wa ganzi na usingizi wa chumba cha upasuaji ni mtu mwingine.

Halafu uliza haya kabla hujalipa. Nani atasoma kipimo changu, daktari au kompyuta peke yake? Ripoti kamili nitapewa mimi? Kipimo kikishindikana nitarudia bila malipo mapya? Mashine mtakayoniandikia inatuma takwimu, na ni nani anayeziangalia, mara ngapi? Barakoa isiponikaa nitabadilishiwa? Nikikwama usiku wa tatu, nampigia nani?

Huduma inayojibu vizuri maswali mawili ya kwanza na kubabaika katika matatu ya mwisho ni duka la mashine lenye daktari mlangoni. Mimi ningeiacha, hata kama miadi yake ni kesho na nyingine ni baada ya wiki tatu. Kama una bima, uliza pia masharti yake mapema; bima nyingi hutaka kipimo cha aina fulani na agizo la daktari, na nyingine huchunguza kama kweli unaitumia mashine. Kigezo kinachotumika sana ni angalau saa nne kwa usiku katika asilimia 70 ya siku.

Hatua ya 4: Mahojiano ya video

Kaa mahali penye mwanga wa mbele, simu ikiwa imeegemezwa, mikono yako ikiwa huru. Unayelala naye awepo. Hili nalisisitiza kuliko yote ya hatua hii, maana maswali mazito ya daktari hayana jibu kwako: pumzi hukatika kwa muda gani, ni chali tu au hata ubavuni, miguu inarukaruka?

Daktari atakuomba ufungue kinywa na kutoa ulimi nje bila kutamka kitu, aone nafasi iliyobaki kooni. Atakuomba ugeuze uso upande ili aone kama taya la chini limerudi nyuma, na uzibe tundu moja la pua baada ya jingine uvute hewa. Tochi ya simu ya pili husaidia. Picha ikiwa mbovu, mtumie picha zilizopigwa kwa utulivu kupitia njia salama ya huduma hiyo.

Asiyekuuliza kabisa kuhusu moyo, mapafu, dawa na kazi unayofanya, akakimbilia kuagiza kipimo, hajafanya mahojiano.

Hatua ya 5: Usiku wa kipimo

Kifaa kitaletwa nyumbani, au utakichukua kliniki. Kuna aina mbili utakazokutana nazo sana. Moja ina mrija mwembamba wa puani unaopima hewa, mkanda wa kifuani unaopima juhudi ya kupumua, na kihisio cha kidoleni kinachopima oksijeni na mapigo ya moyo. Nyingine huvaliwa kama saa mkononi, ikiwa na kihisio cha kidole kinachofuatilia mabadiliko ya mishipa midogo ya damu, na pengine kijidude cha kubandika kifuani. Yoyote utakayopewa, tazama video ya maelekezo mchana, ujaribu kuvaa kukiwa na mwanga, na uhakikishe chaji imejaa.

Ondoa rangi ya kucha na kucha za bandia kwenye kidole kitakachotumika. Mkono uwe na joto. Mrija wa puani ubandike kwa plasta shavuni pande zote mbili, kwa kuwa ndio unaochomoka kwanza mtu akigeuka. Mkanda uukaze kiasi cha kutoteleza, lakini usikubane pumzi. Usinywe pombe kwa kudhani itakusaidia kulala na kifaa, isipokuwa ndiyo desturi yako ya kila siku na daktari amekuambia usibadilishe kitu. Dawa zako endelea nazo kama alivyoelekeza. Lala muda wako wa kawaida, na jaribu kupata muda chali na muda ubavuni.

Ukiamka kwenda haja, nenda na kifaa. Mrija ukichomoka, urudishe ukaendelee kulala. Daktari anahitaji angalau saa nne za rekodi safi. Zikipungua, kipimo kirudiwe.

Jambo moja linalowahusu wenye ngozi nyeusi moja kwa moja: vipima oksijeni vya kidoleni huweza kusoma juu kuliko hali halisi kwa ngozi yenye weusi mwingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika New England Journal of Medicine uliliweka wazi hilo kwa wagonjwa wa hospitali nchini Marekani. Kwa hiyo kipimo kikisema oksijeni yako ilishuka kidogo tu wakati dalili zako ni kubwa, mkumbushe daktari jambo hili bila woga.

Hatua ya 6: Soma ripoti mwenyewe

Usikubali kuambiwa tu "unayo" au "huna." Omba ripoti, uisome na daktari.

Tuseme imeandikwa hivi: muda wa rekodi saa 6, mikatiko na mibano ya pumzi 60, wastani kwa saa 10, chali 24 kwa saa, ubavuni 4 kwa saa, oksijeni ya chini kabisa asilimia 82, muda chini ya asilimia 90 dakika 18.

Namba ya kwanza kutazamwa ni wastani kwa saa, unaoandikwa kwa herufi AHI au REI. Chini ya 5 ni kawaida kwa mtu mzima. 5 hadi chini ya 15 ni hafifu. 15 hadi chini ya 30 ni ya kati. 30 na zaidi ni kali. Huyu wetu ana 10, basi ni hafifu. Lakini ngoja. Vifaa vingi vya nyumbani havipimi ubongo, kwa hiyo havijui ulilala saa ngapi. Vinagawanya kwa muda wote wa rekodi. Kama kati ya zile saa 6 alikaa macho saa 2, mikatiko ileile 60 inagawanywa kwa saa 4, na wastani unakuwa 15. Amehama kutoka hafifu kwenda ya kati bila kitu chochote kubadilika mwilini mwake. Ndiyo sababu unatakiwa kuandika asubuhi ile ile ulisinzia saa ngapi na uliamka mara ngapi.

Tazama sasa mlalo. Akilala chali hali yake ni mbaya mara sita kuliko ubavuni, na kwa hesabu hizo usiku ule alilala chali chini ya saa mbili. Usiku atakaolala chali muda mrefu, wastani wake utapaa. Hapo hapo tumeona pia mlango wa tiba, maana mtu kama huyu anaweza kunufaika na kuzuiwa kulala chali. Oksijeni kufika 82 nayo inasema kwamba neno "hafifu" lisimpe mtu usingizi wa raha.

Na kipimo kikisema huna kitu, lakini unasinzia mchana na mwenzako anaona pumzi zikikatika? Jibu sahihi ni kipimo cha maabara. Kipimo cha nyumbani kinaweza kuthibitisha ugonjwa. Kuufuta kwa mtu mwenye dalili hakiwezi. Mtoa huduma anayekufungia faili hapo amekosea.

Hatua ya 7: Kuagiza mashine na barakoa

Kwa walio wengi wenye kiwango cha kati au kikali, tiba ya kwanza ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa yenye shinikizo dogo kupitia barakoa ili koo lisizibe. Colin Sullivan na wenzake wa Sydney walichapisha matokeo yake ya kwanza mwaka 1981, na hadi leo hakuna tiba inayofungua koo kwa uhakika zaidi.

Kwa tiba mtandao daktari huagiza aina inayojirekebisha, ambayo hupandisha na kushusha shinikizo yenyewe ndani ya mipaka aliyoiweka. Kwa kawaida mashine zinaweza kutoa shinikizo la kati ya sentimita 4 na 20 za maji (ndicho kipimo kinachotumika kwa shinikizo hili). Mwombe aandike mipaka inayokufaa. Mashine iliyoachwa wazi 4 hadi 20 humfanya mtu mnene aone kama anakosa hewa mwanzoni, na mwingine aamshwe na upepo mkali saa tisa usiku.

Barakoa ndiyo itakayoamua kama utaendelea. Anza na ya puani ukiweza, ya kufunika pua au ya mito midogo miwili laini inayokaa kwenye matundu ya pua, kwani zile za kufunika pua na mdomo huvuja zaidi na mara nyingi hudai shinikizo kubwa zaidi. Pua iliyoziba itibiwe kwanza. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au chuma chochote ndani ya mwili aulize kama barakoa ina vishikizo vya sumaku. Nyingine zinavyo, na zinaweza kuvuruga vifaa hivyo.

Ukifikiria mashine iliyotumika, kuwa mwangalifu. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuyarudisha mamilioni ya mashine zake kwa sababu sponji ya kupunguza sauti ndani yake ilikuwa inachakaa na kuweza kuingia katika njia ya hewa. Angalia kama namba ya mashine imo katika zile zilizorudishwa kabla ya kuipokea, hata kama unapewa bure na ndugu.

Hatua ya 8: Wiki mbili za kwanza

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Mazoea ya kutumia mashine, mazuri au mabaya, hujengeka ndani ya siku chache za mwanzo. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wagonjwa waliotumiwa ujumbe kulingana na takwimu za mashine zao walizitumia kwa muda mrefu zaidi kila usiku kuliko walioachwa wenyewe. Kufuatiliwa ni sehemu ya dawa.

Kabla ya usiku wa kwanza, piga simu ya video ya kuvaa barakoa. Usiivae ukiwa umekaa, ukaridhika. Washa mashine, lala kitandani kwa mlalo wako wa kawaida, simu iegemezwe pembeni mtaalamu akuone, ndipo urekebishe mikanda. Uso wa mtu aliyelala haukai kama wa aliyesimama, na hewa ikiingia mto wa barakoa hujaa na kuhama. Legeza mikanda yote, vuta barakoa mbele kidogo uiachie ikae yenyewe, kisha kaza pande zote mbili sawasawa kidogo kidogo mpaka uvujaji ukome, na hapo hapo uache. Inayovuja mara nyingi imekazwa mno; mto wake umekunjamana. Ukiamka na alama nyekundu juu ya pua, umekaza mno au saizi si yako.

Barakoa ikikutia hofu, usianzie usiku. Ivae mchana ukiwa macho, bila mashine kwanza, dakika chache. Kesho na mashine ikiwa imewashwa ukitazama televisheni. Mpaka mwili uzoee. Tumia kile kipengele cha kupandisha shinikizo taratibu. Usingizi wowote, hata wa mchana, lala nayo.

Matatizo mengine ya wiki hizi yana majina na dawa. Kinywa kukauka kwa aliyevaa ya puani maana yake hewa inatokea mdomoni: ongeza unyevu, fungua pua, na ikishindikana badili barakoa. Maji yakikusanyika kwenye bomba, joto la chumba limepungua mno kwa kiwango cha unyevu ulichoweka. Punguza unyevu au tumia bomba lenye joto. Mashine ikae chini ya usawa wa kichwa chako. Tumbo kujaa hewa ni jambo la kumwambia daktari, kwani huenda shinikizo ni kubwa. Kwenye chombo cha unyevu weka maji yaliyosafishwa kwa mvuke na kubadilishwa kila siku, na mto wa barakoa uuoshe kwa sabuni laini kila asubuhi, maana mafuta ya ngozi huufanya uteleze.

Kila asubuhi angalia namba tatu kwenye programu ya simu inayopokea takwimu za mashine: saa ulizovaa, uvujaji, na mikatiko iliyobaki. Saa zikiwa nyingi na mikatiko ikiwa chini ya 5, tiba inafanya kazi hata kama hujajisikia tofauti bado. Wengine huchukua wiki kadhaa. Mikatiko ikibaki mingi, tazama uvujaji kwanza. Uvujaji ukiwa mzuri na mikatiko bado ipo, mwulize daktari kama ni ile inayotoka kwenye ubongo. Huweza kujitokeza mtu anapoanza tiba, na mara nyingi hupungua yenyewe, lakini isiachwe bila kuangaliwa.

Panga simu mbili hata kama hakuna shida: moja ndani ya wiki ya kwanza, nyingine kabla mwezi haujaisha. Ukitupa barakoa saa nane usiku, iandikie huduma asubuhi ile ile, useme kilichokukera. "Nimeshindwa" haimsaidii mtaalamu; "hewa inanipiga jichoni nikigeukia kushoto" anaweza kuitatua kwa simu moja.

Mashine ikikataa kabisa

Baada ya kujaribu kwa dhati, zipo njia nyingine, na nyingi zinahitaji uonwe ana kwa ana. Kifaa cha meno cha kusogeza taya la chini mbele huwafaa zaidi wenye kiwango hafifu au cha kati. Lazima kitengenezwe na daktari wa meno aliyefunzwa, kwa vipimo vya kinywa chako, naye akufuatilie kwa kuwa meno huweza kuhama. Kwa wale ambao tatizo lao ni kulala chali, kuna mikanda na vifaa vya kutetema vinavyomgeuza mtu. Kupunguza uzito husaidia sana wanene: Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa ya tirzepatide kwa watu wazima wanene wenye apnea ya kati au kali, pamoja na lishe na mazoezi. Upo pia upasuaji wa koo au taya, na kifaa cha kupandikizwa kinachosisimua mshipa wa fahamu wa ulimi, kilichoidhinishwa na FDA mwaka 2014. Yoyote utakayochagua, pimwa tena ukiwa unaitumia. Mkoromo kunyamaza si ushahidi kwamba pumzi hazikatiki.

Ukishatulia, miadi moja kwa mwaka kwa video inatosha kwa wengi, na mapema zaidi kama uzito umebadilika sana, dalili zimerudi, au umeanza dawa mpya za maumivu au usingizi. Daktari wako wa presha au kisukari ajue kwamba umeanza tiba, kwani dozi zinaweza kuhitaji kuangaliwa upya. Na ukiwa na upasuaji wowote, hata mdogo, mwambie mtaalamu wa ganzi kabla ya siku yenyewe kuwa una apnea, umpe shinikizo la mashine yako, na siku ya kwenda hospitali ubebe mashine na barakoa yako.